Nyoka wa Unga Nyuma ya Kioo

Thresiamma anasema alimwona kwa macho yake yote mawili, na siku hiyo alikuwa amevaa miwani. Ilikuwa Jumamosi, mjini, kwenye lile duka la kutia picha vioo lililo karibu na stendi. Yeye alikuwa anapita tu na kopo la samli ya mteja. Akatupa jicho ndani, akamwona Bwana Roketi wetu amesimama mbele ya kaunta, nywele kachana, shati kalipiga pasi, na mbele yake ubao mkubwa kama mlango wa banda. Juu ya ubao, nyoka. Si nyoka wa kuchorwa kwa kalamu, hapana. Nyoka wetu wa unga, wa njano na kijani na mweusi, kajisuka vilevile baba anavyowasuka kwenye nyua za watu. Na hapo pembeni mwanamke wa mjini, mdomo mwekundu, nywele kazikata usawa wa sikio, anampima nyoka kwa futi ya chuma huku anacheka.

"Alikuwa anacheka naye?" shangazi Kalyani akauliza.

"Anacheka naye, anamcheka nyoka, mimi nitajuaje? Lakini walikuwa wanacheka wawili."

"Na yeye alitoka na nini?"

"Mikono mitupu! Ndiyo maana nimekuja. Mtu akiingia dukani na kitu, akatoka bila kitu, amefanya nini? Mimi nauza maziwa, elimu ya roketi sina, lakini hiyo biashara naijua."

Maneno hayo yalisemwa kizingitini kwetu asubuhi, maziwa bado yako kwenye kopo lake. Mimi nilikuwa ndani nakaza uzi wa chungu. Chungu chetu si cha kupikia. Kimewambwa ngozi na kinatoka uzi mmoja mrefu, ukiuvuta na kuupiga kinalia kama mtu anayeguna ndani ya kifua. Niliposikia habari ya mdomo mwekundu niliukaza ule uzi mpaka ukakatika.

"Ambili," shangazi akaniita bila kugeuka, "huo ni uzi wa tatu mwezi huu."

"Mimi sisemi kitu," Thresiamma akasema, anamimina maziwa sasa, polepole, ili akae zaidi. "Mimi nimeona tu. Msije mkasema Thresiamma kasema."

Alipoondoka shangazi aliingia akakaa mbele yangu, akanitazama kama anayetafuta chawa. Yeye ndiye aliyenilea tangu mama afariki. Ana ulimi mkali, na mkono wake mkali zaidi, lakini usiku nikiumwa hulala sakafuni kando ya kitanda changu.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa sikiliza na mimi. Kaka yangu asiyajue haya kabla ya kazi ya leo. Mkono wake utatetemeka, na mkono ukitetemeka nyoka anakuwa na nundu. Wewe muulize huyo mtu wako. Ukipata jibu la maana, sawa. Ukikosa, chungu kikishawekwa chini namwambia baba yako mimi mwenyewe, na hilo shauri la ndoa limekufa hapohapo uani."

"Shangazi, labda si yeye."

"Labda si yeye! Katika mji mzima kuna mtu mwingine anayetembea na nyoka wetu chini ya kwapa?"

Sisi ni Pulluva, na kazi yetu ni hiyo ya nyoka. Nyumba ikiwa na shida, mtoto halali, binti hashiki mimba, wanamwita baba. Baba anawachora nyoka uani kwa unga wa rangi tano, anapiga zeze, sisi wanawake tunapiga chungu na kuimba, na mwisho mabinti wa nyumba ile wanafungua nywele, wanashika vishada vya maua ya mpopoo, wanafuta. Wanafuta mpaka ua unabaki vumbi tu. Kufuta ndiyo kazi yenyewe. Nyoka aliyeitwa hana budi kurudishwa, na asiyefutwa anabaki, na akibaki anadai. Sasa ikisikika kwamba mwanafunzi wa baba yangu Kochuraman anaweka nyoka kwenye kioo mjini, ni nyumba gani itatuita tena?

Hilo lilikuwa la baba. Langu lilikuwa dogo zaidi na lilinichoma zaidi. Devadathan, huyo Bwana Roketi, aliapa mbele ya baba kwamba hatabakiza nyoka hata mmoja bila kufutwa. Kama aliweza kuvunja hilo, na yale aliyoniambia mimi je?

Alikuja kwetu kwa njia ya ajabu. Dada yake aliolewa upande huu, mtoto wa dada akawa halali usiku, tukaitwa. Yeye alikuwa mgeni pale, kaja likizo, kavaa viatu vya ngozi, kitambulisho cha kazini bado kinaning'inia kifuani. Watu wakanong'onezana kwamba huyo ni injinia, anatengeneza roketi, kule kusini karibu na bahari. Alisimama karibu na baba tangu mstari wa kwanza mpaka jicho la mwisho, hakukaa, hakunywa hata maji. Mabinti walipoanza kufuta akapiga kelele, "Ngojeni!" Watu walicheka mpaka zeze likanyamaza.

Baadaye akamfuata baba. "Mzee, hamkupiga hata picha?"

"Wewe ukimaliza kula," baba akamjibu, "makombo unayaweka kabatini?"

Juma lililofuata alirudi peku. Kisha akarudi tena. Mwaka haujaisha, akaacha kazi, akapanga chumba juu ya mashine ya kukoboa mpunga, akawa anashinda kwetu anatwanga majani makavu kupata unga wa kijani. Mtu mwenye mshahara wa serikali! Kijiji kizima kikawa na maelezo yake. Wengine walisema amefukuzwa, roketi ilianguka kwa sababu yake. Wengine wakasema ni mpelelezi. Mwalimu wa shule akasema ni akili, watu wanaosoma sana huwa inatokea. Shangazi alisema neno moja tu, "Anataka kitu."

Mimi nilimtazama. Shule yangu iliishia ya msingi, lakini kutazama sikufundishwa na mtu. Niliona kwamba anachekecha unga mara tatu, kwa kitambaa cha melimeli, wakati baba anachekecha mara moja. Nilimuuliza kwa nini.

"Kule kazi yangu ilikuwa hii hii," akaniambia. "Unga wa mafuta ya roketi. Chembe moja kubwa kuliko wenzake, inaungua vibaya, kila kitu kinakwenda. Kule nilichekecha unga ili uwake. Hapa nachekecha ili ulale."

Sijui kama ni maneno yale, au ni namna alivyosema na kuangalia chini. Siku nyingine aliniomba nikinge kiganja, aone unga wa manjano unavyotiririka. Akaubana kati ya kidole gumba na cha shahada, akauachia, mstari mwembamba kama uzi, ukaanza katikati ya kiganja ukapanda mpaka kwenye mshipa wa mkono. Hapo akaacha. Hakunigusa. Ni unga tu ulionigusa, lakini sikunawa mkono ule siku nzima, na chakula nilikula kwa kijiko, shangazi akaniuliza tangu lini nimekuwa mzungu.

Na mwezi uliopita alikaa kwenye baraza letu, akala mihogo yetu ya kuchemsha kwa pilipili, akamwambia baba ananitaka. Akasema mama yake, mjane, mwalimu mstaafu, amekubali, ila magoti yanamsumbua, hawezi safari.

Baba alifikiri sana. Akasema, "Magoti tutayasubiri. Lakini siku moja huyo mama atakuja akae kwenye mkeka wangu. Bila hilo, mwanangu haondoki."

Sasa tulikuwa tunakwenda kazini na yeye alikuwa mbele yangu, kajitwisha kikapu cha vifuu vya unga, anatembea kwa mbwembwe, anamchekesha baba. Nikautazama mgongo wake njia nzima. Mgongo hausemi kitu.

Kazi ilikuwa kwenye nyumba ya Kuttikkattu, nyumba kubwa ya zamani yenye kisima chake na mti wake wa mafenesi. Ua ulikuwa umesiribwa kwa mavi ya ng'ombe tangu jana, umekauka vizuri, na juu wamefunga makuti machanga yaliyokatwa kwa umbo la maua. Baba akaanza mstari wa katikati. Dathan akachukua upande wa kulia. Kwa kawaida ningefurahi tu kumwangalia, jinsi anavyorudi kinyumenyume kwa kuchutama, unga unamtoka mkononi kama pumzi. Leo nilimwangalia kama polisi. Kila alipopiga jicho upande wangu nikawa naangalia kwingine, na kila alipoinama nikamrudia.

"Mkono wa leo una haraka," baba akamwambia.

"Hapana, mzee."

"Mimi yaliyozeeka ni meno, si macho. Punguza. Nyoka haendi kuwahi basi."

Watu wa nyumba wakacheka. Yeye hakucheka. Kumbe ana safari, nikasema moyoni. Ana mahali anakimbilia.

Chai ikaja. Sisi tuliletewa uani kama siku zote, kwenye bilauri zetu za bati, zile zinazokaa peke yazo dirishani nyumba ikisubiri watu kama sisi. Dathan aliitwa barazani, akapewa kikombe cha udongo mweupe chenye maua. Kila mahali ni hivyo, kwa sababu jina la ukoo wake linajulikana kuwa la tabaka la juu, na letu la chini. Na kila mahali huwa anashukuru, anakichukua kile kikombe, anashuka nacho ngazi, anakuja kukaa chini na sisi. Mambo kama hayo ndiyo yaliyomfanya shangazi aanze kumpa mihogo. Leo alimaliza chai kulekule juu, kakaa kitini, anaongea na bwana wa nyumba. Shangazi alinitazama.

Nyoka walipokamilika, bado kufunguliwa macho tu kwa unga wa mwisho, baba akaagiza watu wale kwanza. Tulipewa uji wa mchele na choroko nyuma ya jiko, na majani ya fenesi yaliyokunjwa yawe vijiko. Nilichukua wangu nikaenda kukaa kwenye ukingo wa kisima. Nilijua Dathan atakuja. Alikuja.

"Mbona leo umenuna?" akaanza, anatabasamu. "Chungu kimekukosea au ni mimi?"

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Mjini."

"Kufanya nini?"

"Nilikwenda kununua chokaa."

"Chokaa Moideen anauza hapo njia panda."

"Ya Moideen ina mchanga." Akacheka. "Una maswali ya mwenye nyumba anayedai kodi."

"Na chokaa ya mjini inauzwa kwenye duka la vioo siku hizi?"

Kile kijiko cha jani kilisimama njiani, kati ya bakuli na mdomo. Sikuhitaji jibu lingine. Lakini nilikaa kimya, maana nimegundua watu wengi ukiwaachia kimya wanakijaza wenyewe.

"Nani kakwambia?"

"Kumbe ni kweli."

"Ambili..."

"Umemuuza kwa rupia ngapi, au huyo mdomo mwekundu anakulipa kwa kicheko?"

"Mdomo mwekundu ni mwenye duka! Ana wajukuu!" Akaliweka bakuli chini. "Sikumuuza. Nilimpeleka akatiwe kioo."

"Kioo cha nini?"

"Sisimizi," akasema kwa aibu. "Ule weupe si unga wa mchele? Nilitandaza gundi kwenye ubao, nikamchora juu yake chumbani kwangu, nikaona amekaa vizuri. Asubuhi nikakuta sisimizi wamemla mkia. Nikamtengeneza. Wakarudi na ndugu zao. Juu ya mashine ya mpunga, unategemea nini?"

Siku nyingine ningecheka mpaka nitumbukie kisimani. Nilibana midomo.

"Uliapa."

"Niliapa."

"Mbele ya baba, mkono juu ya zeze."

"Najua nilipoweka mkono." Akajifuta uso, akajipaka manjano shavuni bila kujua. "Ambili, miaka kumi na moja nimefanya kazi mahali ambapo mchoro haufutwi. Ukikosea, huruhusiwi kufuta, unapiga mstari juu ya kosa, unatia sahihi, unaweka na kosa lako kabatini milele. Kule ukifuta mchoro unafukuzwa. Huku usipofuta unafukuzwa. Kichwa changu kimekaa katikati."

"Wewe si ulisema ulikimbia kule kwa sababu hiyo? Ulikaa pale kwetu ukasema, nimechoka kuishi na makosa yaliyohifadhiwa, hapa jua likitua kila kitu kimekwisha. Mimi nilikuwa natwanga, nilisikia. Sasa umeacha kazi, umeacha nyumba ya serikali, umekuja kwa watu wanaofuta, halafu unaweka?"

Akanitazama kama kwamba nimemvua shati mbele za watu.

"Hana macho," akasema hatimaye. "Sikumfungua macho. Baba yako mwenyewe anasema, asiyefunguliwa macho hajafika."

"Baba anasema hivyo kwa mtoto anayejifunza. Hakusema kwa mtu mzima anayetafuta tundu la kupenya."

"Si tundu."

"Ni nini?"

Sauti ya shangazi ikasikika kutoka jikoni, inamwuliza mtu kama Ambili ameangukia kisimani. Dathan akasogea karibu, akashusha sauti. Harufu yake ilinijia, manjano na jasho na ule moshi wa pumba zilizochomwa tunazopatia rangi nyeusi. Nilimchukia kwa kunukia vile siku ile.

"Ni wa mama," akasema. "Ukutani kwa mama kuna picha ya roketi. Ile ya kwanza niliyochanganya mafuta yake. Anaivisha koja la maua kila mwezi kama picha ya marehemu baba. Wageni wakija anawaonyesha. Tangu niache kazi ananiuliza kitu kimoja tu. Hanifokei, hatukani. Anasema, 'Sawa, Dathan, nionyeshe. Nionyeshe hicho ulichokiachia kazi.' Na mimi nina nini cha kumwonyesha? Miaka miwili nachora, na kila nilichochora kimepeperuka. Nakwenda kwake mikono mitupu. Nikasema nimpelekee mmoja. Mmoja tu, akae mahali pa ile roketi. Kesho asubuhi napanda basi kumpelekea."

Moyo wangu, nausema ukweli, ulianza kulainika. Nilimwona yule mama na koja lake mkononi, anatafuta mahali pa kulivisha. Nilimwona na Dathan, mtoto wa mwalimu, anasubiri asifiwe, ana nywele za kijivu tayari juu ya masikio. Nilitaka kumfuta lile manjano shavuni kwa kidole changu. Mkono ulishaanza kunyanyuka.

Halafu kitu kikanigonga.

"Basi si aje aone? Baba angefurahi. Leo hapa, kesho kutwa tupo kwa watu wa mtoni. Aje akae, aone nyoka mzima, mwenye macho."

"Magoti yale."

"Magoti yapi?"

"Ambili, nilishasema, magoti yake..."

"Wewe mwenyewe ulinisimulia, siku ile ya mvua. Kwamba mama yako kila Ijumaa anapanda ngazi za hekalu la kilimani na anakataa kushikwa mkono. Ukanihesabia mpaka kunguru wanaomsubiri huko juu. Uliona fahari, ukasema atatuzika wote."

Kunguru mmoja alikuja akachungulia bakuli lake, yeye hata hakumfukuza.

"Hana ugonjwa wa magoti," nikasema.

"Hana."

"Na hakukubali."

"Hakukataa."

"Dathan! Mtu ambaye hakukubali na hakukataa amefanyaje?"

"Hajui." Alisema polepole sana. "Anajua kuna msichana. Anajua ni mzuri, anajua anaimba, anajua jina lake Ambili. Akaniuliza ni wa nyumba gani."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia baba yake ni msanii."

Msanii. Nililigeuza hilo neno mdomoni kama tonge lenye jiwe. Katika maisha yangu yote sikuwahi kusikia mtu akimwita baba hivyo. Wanaotuheshimu wanamwita Pulluvan. Wenye hasira wana majina mengine. Lakini msanii, na baba wa watu kapangiwa bilauri ya bati dirishani! Kwa mara ya kwanza nilielewa kikombe cha maua cha asubuhi. Alikuwa anajizoeza kurudi juu. Au labda siyo, labda alikuwa kachoka tu na kiti kilikuwa karibu. Hilo ndilo baya la shaka. Ikishaingia inakula na vitu visivyo na hatia.

"Nilitaka amwone nyoka kwanza," akaendelea, anaongea haraka sasa. "Unielewe. Nilitaka ampende kwanza, amtundike, amvishe koja, majirani waje wamsifie. Halafu ndiyo nimwambie, mikono iliyonifundisha hii ndiyo mikono ya baba yake. Angewezaje kukataa, wakati ameshapenda?"

"Kwa hiyo nyoka atangulie, mimi nifuate nyuma kama mfuko wa mboga."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Umemwambia baba yangu mama yako amekubali. Umemwambia mama yako baba yangu ni msanii. Kuna mtu yeyote, pande zote mbili, uliyemwambia mimi ni nani?"

"Nimekwambia wewe kwamba nakupenda. Hilo sijalichanganya na kitu."

"Umelichekecha mara tatu?"

Alitabasamu kidogo, kwa maumivu, na mimi nilikuwa karibu kulia kwa hiyo nikasimama.

"Nilipokuwa kule," akasema akiwa bado amechutama, ananitazama kutoka chini, "ilibidi tujifiche nyuma ya ukuta mnene kabla ya kuwasha. Nilitengeneza kitu na sikuwahi kukiona kinaungua kwa macho yangu. Nimezoea kukaa nyuma ya ukuta, Ambili. Mama ni mzee. Nikimwasha vibaya, simpati mwingine."

"Na mimi utampata mwingine?"

"Hapana."

"Basi mpigie."

"Nini?"

"Simu unayo. Mpigie mama yako sasa hivi, hapa, nikiwa nimesimama. Mwambie mimi ni binti wa nani na tunafanya kazi gani."

"Baada ya kazi. Baba yako anatusubiri kufungua macho."

"Baada ya kazi shangazi anamwambia baba habari ya kioo. Jirani alikuona. Ikifika hapo sitakuwa na neno la kukutetea, Dathan. Nipe neno moja. Sitaki wewe uapie zeze wala nini. Nataka nimsikie mama yako akilisikia jina la baba."

Alitazama kuelekea uani. Baba alikuwa ameanza kujaribu zeze, ananyoosha sauti, anaishusha. Dathan alijifuta mikono kwenye shuka, mara mbili, tatu, lakini unga ule hautoki kwa kufutwa. Akatoa simu. Vidole vyake viliacha alama za kijani kwenye kioo chake. Akaiweka juu ya kiganja, akaiwasha sauti ya nje bila mimi kumwomba, na hilo nililiona, nikaliweka upande wake wa mizani.

Ikaita. Ikaita. Nikaanza kuomba isipokelewe.

"Mwanangu!" Sauti ya kike, imenyooka, sauti iliyozoea darasa. "Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

"Uji na choroko."

"Uji mchana huu, mtu mzima? Nani kakupa uji?" Akacheka, na kicheko chake kilikuwa kama cha mwanawe hasa, kinaanzia puani. Sikutegemea hilo. Sikutegemea kumpenda. "Kesho nakupikia samaki. Nimeshatoa msumari wa zamani ukutani, nimepiga mkubwa. Ubao wenyewe mzito? Halafu hiyo sauti gani hapo nyuma, mbona kama zeze? Mko kwenye sherehe?"

Dathan alininyanyulia macho. Sikumsaidia. Nilisimama na mikono yangu imening'inia, nikisikia shangazi anakuja kwa ndara zake kutoka jikoni, anavuta miguu kama anavyofanya akitaka watu wajue anakuja.

"Mwambie," nikasema, kwa sauti ya kawaida, wala sikunong'ona. "Mwambie mimi ni binti wa nani."

Upande wa pili yule mama akauliza, kwa upole, bila kicheko tena:

"Dathan? Uko na nani hapo?"

Midomo ya Dathan ilifunguka. Uani baba aliita unga wa macho uletwe, na zeze likaanza, na simu ilikuwa bado inang'aa juu ya kile kiganja cha kijani, inasubiri kama mimi.